Mbuzi wa Akika Yangu

Mama yangu alimfunika mbuzi kanga yake mpya, na mimi, mtu mzima mwenye mjukuu, nikamwonea wivu mbuzi yule. Nakiri mapema ili nisije nikajifanya mwema huko mbele.

Ilikuwa mwezi wa sita, kijijini kwetu Makote, juu Newala, wakati ambapo ukungu hulala uani mpaka saa tatu na mtu akitoka kwenda kutawadha anarudi meno yanagongana. Nilikuwa nimepanda kutoka Masasi kama kawaida yangu, maana duka langu la dawa za mifugo hulifunga Ijumaa mchana na kulifungua Jumatatu. Nilimkuta mama amechuchumaa nyuma ya nyumba, anamzungushia mbuzi kanga kifuani na kuipiga fundo mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo umshike, ananisumbua. Huyu anasikia baridi."

"Mama, mbuzi ana manyoya."

"Na wewe una nywele. Mbona umevaa sweta?"

Nikaweka mkoba chini, nikamshika mbuzi.

Hakuwa mbuzi hivi hivi. Alikuwa mbuzi wa akika yangu. Kwetu Waislamu mtoto akizaliwa huchinjiwa mnyama, ikiwezekana siku ya saba, akanyolewa nywele alizozaliwa nazo, watu wakala na kumwombea dua. Ndugu zangu wote watano walichinjiwa. Mimi peke yangu sikuchinjiwa, na nilikuwa nimevuka miaka hamsini nikiwa bado nalijua jambo hilo kila ninapohudhuria akika ya mtoto wa mtu. Mtu mzima anaweza kujichinjia mwenyewe, na mimi uwezo nilikuwa nao, mbuzi si tembo. Lakini sikutaka kujifanyia. Nilitaka nifanyiwe.

Sikumwambia mtu. Mama ndiye aliyeanza, baada ya Ramadhani ya mwaka ule. Alinipeleka bandani akanionyesha beberu mdogo mweupe, shingo ya kahawia. "Huyu ni wako," akasema. "Tukimaliza Maulidi, kabla mwezi wa Mfungo Sita haujaisha, namchinja. Nisije nikafa sijakufanyia." Alilisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, kisha akaanza kuokota vijiti vya kuni ambavyo havikuhitaji kuokotwa.

Mnyama wa akika anatakiwa awe mzima, asiye na kilema wala maradhi, na mama alilishika sharti hilo kwa mikono miwili. Mbuzi wake wengine sita wamekatwa alama masikioni, kama watu wafanyavyo ili mbuzi wasichanganyike na wa jirani. Huyu, mama alikataa asikatwe. "Sikio la mtoto wangu haliguswi na kisu," alisema, na sikujua kama mtoto anayesemwa ni mimi au mbuzi.

Hao sita walikuwa wakiachwa wajitafutie. Hufunguliwa umande ukishakauka, wanaingia vichakani kandokando ya mikorosho, wanasimama kwa miguu ya nyuma kuchuma majani ya juu, jioni wanarudi wenyewe. Wangu hakwenda nao. Mama aliogopa miiba, aliogopa mbwa, aliogopa mtu atakayemrushia jiwe kwa kuingia mbaazi za wenyewe. Alimfunga kamba nyuma ya bafu.

Hapo nyuma ya bafu nipaeleze vizuri, kwa sababu kisa chote kipo pale. Juu kwetu maji hayamwagwi ovyo. Tunakinga ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye bati mpaka kisima cha saruji, na ya bomba tunayapata siku yakipenda kutoka. Aliyeoga, maji yake hupita kwenye tundu chini ya ukuta wa bafu, yakatokea upande wa pili. Kiangazi kikishaukausha uwanja wote, pale tu ndipo panapobaki kijani, ukoka laini, eneo la kutosha kutandika mikeka miwili. Mama alikuwa na kipande kimoja cha majani mabichi katika nyumba nzima, akampa mbuzi wangu. Na zaidi ya hapo, asubuhi alimtoa mapema kuliko wenzake, baada tu ya sala ya alfajiri, ili ayapate majani yakiwa bado na umande. "Ale laini," alikuwa akisema.

Basi siku ile nimemshika, nikamsikia mbavu chini ya kanga. Manyoya yamesimama. Chini ya taya amejaa uvimbe laini wenye maji. Nikamfunua kope la chini, kama ninavyowafundisha wateja wangu kila siku. Mbuzi mzima, ndani ya kope pana wekundu wa damu. Wake palikuwa peupe.

"Mama, huyu ana minyoo. Ile ya tumboni inayonyonya damu. Hana baridi, hana damu."

Mama aliachia fundo la kanga. "Minyoo ataitoa wapi? Halali na wenzake, hali walipokula wenzake. Namlisha mimi."

"Anayo. Na dawa ninayo mkobani."

"Dawa ya chupa?" Akanitazama kama niliyetaja nguruwe. "Mbuzi wa akika? Watu waje wale dawa ya dukani kwako halafu waitikie amina?"

Nilimweleza kwamba dawa hutoka mwilini baada ya siku zilizoandikwa kwenye chupa, kwamba Mfungo Sita bado uko mbali. Nikaeleza kwa ile sauti yangu ya dukani, ambayo mwanangu ananiambia inaudhi. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema minyoo ilitibiwa kwao kabla duka langu halijawa hata ndoto, akaingia jikoni.

Alitoka na ungo. Mbegu za papai alikuwa nazo tayari, zimekauka, nyeusi na zimekunjamana. Alizitia kwenye kinu kidogo cha viungo akaanza kutwanga. Harufu ikanipanda puani, ukali fulani kama wa pilipili manga, na kabla sijajizuia macho yakalengwalengwa.

Harufu ile naijua kutoka Mnyambe. Nililelewa huko na bibi, mama yake mama, tangu nikiwa na miezi minane mpaka nilipoanza shule. Nilikuwa na tumbo kubwa na miguu myembamba, nakula udongo wa ukutani, na bibi alikuwa akinitwangia mbegu zilezile, anazichanganya na uji, ananibana katikati ya magoti yake mpaka nimeze. Zilikuwa zinawasha ulimi. Baada ya kumeza alinipa kipande cha muhogo wa kuchoma na kunisugua mgongo. Mikono ninayoikumbuka utotoni ni ya bibi. Mama nilimjua kama mgeni mzuri aliyekuja na sabuni ya kunukia, na akiondoka nilikuwa nikimfuata njiani mpaka nikamatwe.

Kwa hiyo nilipokuwa nimesimama pale namwangalia mama akitwanga kwa ajili ya mbuzi, akipuliza maganda, akionja kwa ncha ya ulimi asizidishe, nilikuwa na hasira. Nilifikiri: huyu amefunikwa kanga, analishwa kwa mkono, anatwangiwa na mama mwenyewe. Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, naona choyo juu ya beberu mwenye minyoo. Ukiliona jambo hili la kuchekesha, cheka. Mimi siku hiyo sikucheka.

Mama alikoroga unga ule kwenye maji ya vuguvugu yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini, akatia kwenye chupa ya soda yenye shingo ndefu. Kunywesha alikuwa anajua kunishinda. Hakuinua kichwa cha mbuzi juu sana, maana dawa ingeingia mapafuni. Alipenyeza shingo ya chupa pembeni mwa mdomo, pale pasipo meno, akamimina kidogo, akasubiri ameze, akamimina tena. "Taratibu, baba," alikuwa akimwambia. "Chungu, ndiyo. Meza." Alisema atampa asubuhi tatu mfululizo kabla hajala kitu.

Jumamosi mama alikwenda msibani nyumba ya tatu. Mlango wa ua ulipofungwa tu, nikatoa chupa yangu mkobani. Sitajitetea. Niliona kope lile ni jeupe mno kuachiwa mbegu za papai peke yake, na mpaka leo naona hivyo, mbuzi akifika pale ni wa kutibiwa haraka. Lakini nilifanya kwa wizi, na kwa haraka ya wizi sikumpima. Mimi ninayewagombeza wakulima wa Nanganga na Masasi kila siku ya Mungu kwa kukadiria dawa kwa jicho, nilikadiria kwa jicho. Nikamfuta mdomo kwa kiganja, nikanawa, nikaketi kibarazani nikichambua mchele.

Baada ya wiki mbili mama alinipigia simu. Uvimbe wa taya umekwisha, mbuzi anarukaruka mpaka kamba inakatika.

"Unaona? Hilo duka lifunge, uuze vitumbua."

Nilicheka naye. Nilikuwa nimefurahi kweli, na nilikuwa na aibu kweli, na vyote viwili nikavifunga na duka jioni ile.

Mwezi wa saba ukapita, nami kila nilipopanda nilimwona mbuzi anarukaruka, sikumfunua kope tena. Mikorosho ikaanza kutoa maua na watu wakaingia mashambani na mabomba ya kupulizia, harufu ya salfa ikatanda Newala nzima. Siku moja katikati ya wiki, mwanzoni mwa mwezi wa nane, mama akapiga tena. Safari hii hakutania.

"Mbuzi wako hajasimama leo."

Nilifunga duka Jumatano, wateja wakiwa mlangoni. Nilifika jioni nikamkuta mbuzi amelala kwenye ukoka wake, kidevu kimevimba kuliko mwanzo, kanga ileile juu yake. Sikuhitaji kumfunua kope, lakini nilimfunua. Mama alikuwa ameketi karibu yake juu ya kindoo kilichofudikizwa.

"Nimemharibu," akasema. "Labda mbegu zilikaa sana juani zikapoteza ukali. Labda nilimpa kidogo. Mkono wangu siku hizi unatetemeka, labda alimwaga nusu."

Alijihesabia makosa kumi yasiyo yake, na mimi niliyekuwa na chupa yangu katika habari ile nilikaa kimya. Kama dawa zote mbili zilimwingia na bado ameanguka, basi shida haikuwa kwenye mbegu. Ningeweza kumwambia palepale akapumua. Nilisema tu tumpe maji na pumba, tulale, tutaona asubuhi.

Asubuhi nilitoka na kopo kwenda bafuni. Ukungu ulikuwa mzito. Mama alikuwa ameshamwinua mbuzi kwa kumshika chini ya tumbo, na yeye, mgonjwa vile, alikuwa ameinamisha shingo anang'ata ukoka. Majani yalikuwa yamelowa umande, na katikati ya majani, kila mahali, palikuwa na choo chake, cha jana, cha juzi, cha miezi miwili, kimelainishwa na maji ya kuoga. Nilisimama na kopo langu. Mimi ni muuza dawa. Najua kwamba mayai ya minyoo hutoka na choo, kwamba yakipata unyevu huanguliwa, kwamba vijidudu vyake hupanda jani likiwa na umande vikangoja mdomo. Nawaambia watu hivyo, na nimewabandikia ukutani dukani. Miezi miwili nilikuwa napita pale kwenda kuoga nikisema, mama anampenda huyu mbuzi.

Na maji mengine, kila Ijumaa mpaka Jumapili, yalikuwa ya kwangu.

Nikaenda bandani. Wale sita walikuwa bado ndani wakisubiri jua. Nikamshika wa kwanza, yule jike mzee mwenye sikio lililochanika, nikamfunua kope. Pekundu. Wa pili, pekundu. Nilimaliza wote sita. Hakuna aliyewahi kufunikwa kanga wala kutwangiwa kitu.

Sasa ilibidi nimwambie mama, na hapo nikaelewa kwamba afadhali angekuwa mkaidi. Ningeweza kugombana na mkaidi. Lakini nitamwambiaje mtu kwamba mahali pazuri alipompa mtoto ndipo panapomuua? Nilingoja mpaka tukanywa chai. Nikaanza na kosa langu, maana lilikuwa jepesi zaidi.

"Mama, ile siku ya msiba nilimnywesha dawa ya chupa."

Akaweka kikombe chini. Nikajua leo nitakiona cha moto. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Kumbe tumeshindwa wote wawili!" akasema. "Mimi na mbegu zangu, wewe na chupa zako. Haya, nani mwingine tumwite?"

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya ukoka, maji, choo na umande, kwa upole nilioweza, si kwa sauti ya dukani. Nikamwambia wale sita ni wazima, nimewafunua macho wote. Yeye mwenyewe alikuwa anajua kwamba mbuzi hatolewi kukiwa na umande, alilelewa na neno hilo, na wale sita aliwatunza nalo. Huyu mmoja tu ndiye alimwondoa kwenye kanuni, kwa mapenzi.

Mama akageuka kutazama bandani. Alipozungumza alizungumza Chimakonde, kama afanyavyo akiwa hana nguvu ya kujieleza mara mbili.

"Niliowaacha ndio wazima," alisema.

Halafu akanitazama mimi. Nikajua kwamba hatuzungumzii mbuzi tena.

Ningeweza kumpa alichokuwa anakitaka. Ningesema, ndiyo mama, hata mimi uliniacha na niko mzima, nina duka, nina watoto, nina mjukuu. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Lakini nilikuwa nimeshadanganya miezi miwili kuhusu chupa, na nilichoka.

"Wale wanarudi jioni wenyewe, mama," nikasema. "Mimi nilikuwa nakulilia."

"Najua," akasema. "Bibi yako alikuwa ananiambia kila akija. Nilimkataza asiniambie, akawa ananiambia."

Akanieleza kile nilichokuwa nimekisikia kwa vipande tu. Alishika mimba nikiwa bado nanyonya, na kwa watu wa siku zile hilo lilikuwa jambo la hatari na la aibu, mtoto anayenyonya maziwa ya mama mwenye mimba husemwa kwamba amebemendwa, atadhoofika afe. Wakanichukua siku ileile mimba ilipojulikana, kunipeleka Mnyambe, maziwa yakiwa yanamtoka kifuani. Akika yangu ilikuwa bado, baba alikuwa akisubiri korosho. Korosho zilipopatikana alikuwa amezaliwa mdogo wangu, akachinjiwa yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwepo mbele ya macho. Yangu mimi ikasemwa mwakani. Kila mwaka ikasemwa mwakani, mpaka baba akafa, mpaka nikaolewa, na mama akaona haya kulitaja.

"Nilimfunga pale nyuma ya bafu," akasema, "ili nikitoka nimwone. Usiku nikiamka nisikie anatafuna. Nilisema huyu simtoi machoni."

Nililia. Naye alilia, kisha akaniambia chai inapoa.

Asubuhi ileile tulimtibu kwa akili mbili. Mama alihesabu siku kwa vidole mpaka mwisho wa Mfungo Sita, akaziona zinatosha zile zilizoandikwa kwenye chupa, akasema, "Mpe. Ila pima." Nilimpima kifua kwa mkanda nijue uzito wake, nikavuta dawa kwa bomba la sindano mpaka kwenye mstari, mama akisimama juu yangu kama mkaguzi. Wiki iliyofuata naye alirudia mbegu zake na mwarobaini wake, asubuhi tatu, nami nikamshika mbuzi kichwa. Wateja wakiniuliza siku hizi kama mbegu za papai zinafaa, nawaambia zinasaidia, hata mimi zilinilea, lakini wasimngojee mbuzi mwenye kope jeupe. Na kwanza wanionyeshe anapolala na anapokula.

Dawa haikuwa kazi kubwa. Kazi kubwa ilikuwa kumfungua kamba. Alipopata nguvu ya kutembea nilifunga duka tena, tukamtoa na wenzake saa nne, umande umekauka. Wale sita wakaingia kichakani. Yeye akasimama ukingoni mwa uwanja, akageuka kuitazama nyumba, akalia. Hakujua kuchuma jani la juu, alizoea kuinama. Alilia siku ya kwanza, akalia siku ya pili. Mama alikuwa ndani, amefungua redio kwa sauti kubwa, kipindi cha taarabu ambacho hakipendi, na mara mbili nilimkuta ameshika kitasa cha mlango.

"Atakufa kwa huzuni," alisema.

"Hatakufa, mama."

"Wewe unajuaje?"

"Mimi sikufa."

Akaachia kitasa. Siku ya nne jike mzee alisimama kwenye kichaka kilichokuwa karibu kabisa na uwanja, akavuta tawi chini, na wangu akasogea akala kwenye tawi lilelile. Nilimwita mama. Alikuja na mwiko mkononi, tukasimama mlangoni tukimwangalia anavyotafuna.

Pale nyuma ya bafu tulipalima. Choo tulikizoa tukakitupia mbali kwenye shimo la takataka, tukapindua ukoka, mama akafukia mbegu za papai zilizobaki kwenye ungo. Kila wiki nilipopanda nilimfunua mbuzi kope. Wiki ya tatu palikuwa na rangi ya waridi. Wiki ya sita nikamwita mama nikamwambia aangalie mwenyewe, na yeye akamwinamia, akamfunua kwa kidole gumba kama nilivyomfundisha, akasema, "Alhamdulillahi. Pekundu."

Alichinjwa siku ya Jumamosi, ndani ya Mfungo Sita kama mama alivyosema. Watu hawakuwa wengi, ndugu zangu na majirani, na mjukuu wangu aliyekuwa akiuliza mtoto anayefanyiwa akika yuko wapi, mpaka akaonyeshwa bibi yake akakataa kuamini. Mifupa haikuvunjwa, walimkata kwenye viungo kama ilivyo desturi. Tumbo lilipofunguliwa nililiangalia kwa jicho la kazi. Minyoo ilikuwepo michache, mmoja hapa mwingine pale, hakuna mbuzi asiye nayo kabisa. Nyama ilikuwa nzuri. Kwetu mzazi hali nyama ya akika ya mwanawe, kwa hiyo mama hakuonja hata mchuzi. Aliketi pembeni na sahani ya wali mtupu, akinihesabia matonge.

Alasiri watu walipokwisha kuondoka aliniita chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, mkasi wa kushonea mkononi, kitambaa cheupe kimetandikwa mapajani.

"Nilikuwa naona haya mbele za watu," akasema. "Kaa hapa chini. Nywele zako bado."

"Mama, hutaninyoa mimi."

"Kidogo tu. Za mbele."

Nikavua mtandio, nikaketi sakafuni, nikaegemea magoti yake. Sijui kama niliwahi kukaa hivyo. Vidole vyake vilitafuta utosini, vikatenga fungu dogo, vikatulia. Nilisubiri nisikie mkasi. Sikuusikia.

"Mama?"

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imekatika, "umeota mvi sijakunyoa."

Nikamwambia akate hivyohivyo. Akasoma bismillahi, akakata.